Eneo ni pale habari inapoenea: istilahi za Kiswahili katika kupanga maeneo ya uelekezaji kwenye swichi

Utangulizi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Swima, kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Yaya wangu ni fundi wa mitandao. Siku moja alinichukua hadi Baraka, ambako alikuwa amepewa kazi ya kuunganisha swichi mbili za ofisi yenye majengo mawili. Kazi ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Kebo zote zilikuwa mahali pake na taa za kijani zilikuwa zinawaka, lakini jengo moja halikuliona jingine. Kwenye skrini ya kompyuta yake ulikuwa unajirudia ujumbe mmoja wa Kiingereza.

“Wewe ndiye mtu wa lugha,” akasema. “Soma hapa, uniambie kinasema nini.”

Nikasoma. Ujumbe ulisema kwamba namba ya eneo hailingani, na kwamba pakiti imetoka kwenye mfupa wa mgongo. Ndivyo nilivyomtafsiria, neno kwa neno. Akaniangalia.

“Mfupa wa mgongo wa nani?”

Sikuwa na jibu. Tafsiri yangu haikuwa na kosa lolote la kamusi, lakini haikumsaidia fundi kujua aguse wapi. Makala haya yanajaribu kulipa deni la swali lile. Kwa upande mmoja yanafundisha, kwa kifupi, jinsi maeneo ya uelekezaji yanavyopangwa kwenye swichi ya taasisi kwa itifaki ya OSPF. Kwa upande mwingine yanapima maneno ya Kiswahili yanayofaa kwa somo hilo. Hoja yangu ni kwamba istilahi ya ufundi hupimwa kazini: neno likimwezesha fundi kukisia tabia ya kifaa kabla hajaiona, neno hilo ni istilahi. Likishindwa, limebaki kuwa tafsiri tu. Msomaji ambaye hajawahi kugusa swichi asiwe na hofu. Kila hatua itaelezwa.

Swichi inayojua njia

Swichi ya kawaida inafanana na mtu anayegawa barua katika mtaa mmoja. Hupokea ujumbe na kuupeleka kwenye mlango wa mwenye anwani, mradi mwenye anwani anakaa mtaa huohuo. Swichi ya taasisi huweza zaidi ya hapo. Hujua pia njia za kutoka mtandao mdogo mmoja kwenda mwingine, yaani hufanya kazi ya ruta. Kwenye swichi za Cisco za aina hiyo, uwezo huu huwashwa kwa amri moja:

ip routing

Baada ya hapo fundi ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kuandika kila njia kwa mkono wake. Huo ni uelekezaji tuli. Kwa swichi tatu njia hiyo inatosha. Lakini kwa swichi thelathini, kiungo kikikatika saa nane za usiku, hakuna atakayebadilisha njia mpaka fundi aamke. Chaguo la pili ni uelekezaji badilifu, ambapo swichi zenyewe huambiana hali ya viungo vyao na kujitafutia njia nyingine.

OSPF ni itifaki ya uelekezaji badilifu. Toleo lake la pili, linalotumika na anwani za IPv4, lilielezwa na John Moy katika waraka wa RFC 2328 wa Aprili 1998; toleo la tatu, la IPv6, limo katika RFC 5340 ya mwaka 2008. Utaratibu wake ni huu. Kila ruta hutangaza viungo vyake: nina kiungo hiki, na gharama ya kukipita ni hii. Jirani hupokea tangazo na kulipokeza kwa jirani zake, nao kwa jirani zao, mpaka wote wawe na mkusanyiko mmoja wa matangazo, yaani ramani moja. Kisha kila ruta, peke yake, hupiga hesabu ya njia fupi juu ya ramani ile, kwa kanuni iliyochapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. Tangazo halidumu milele. Aliyelitoa hulihuisha kila baada ya dakika 30. Lisipohuishwa, likifikisha dakika 60 hufutwa.

Uzuri wa mpango huu ndio pia udhaifu wake. Kwa kuwa wote wana ramani moja, kila badiliko lazima liwafikie wote, na wote warudie hesabu. Fikiria swichi iliyoko mahali panapotegemea jenereta. Jioni mafuta yakiisha inazimika, asubuhi inawaka. Kila kuzimika ni habari inayozunguka mtandao mzima, na kila ruta, hata iliyoko mbali kabisa, huacha mambo yake na kuchora njia upya kwa sababu ya jenereta ambayo haiihusu. Dawa yake ni kuugawa mtandao katika maeneo.

Eneo: nomino iliyotoka katika kuenea

Tuchore mtandao wa mazoezi. Mtandao huu haupo. Nimeuchora kwa ajili ya somo juu ya ardhi ninayoijua. Swima pana swichi kubwa moja, na nyuma yake swichi ndogo za shule na vituo vya afya vya jirani. Baraka pana swichi kubwa ya pili, na nyuma yake ofisi za mji. Swichi ya tatu iko kwenye rasi ya Ubwari, inayoingia ziwani mkabala na Baraka. Swima na Baraka zimeunganishwa kwa kiungo kimoja, Baraka na Ubwari kwa kingine. Anwani zimegawanywa hivi: 10.0.0.0 kwa kiungo cha Swima na Baraka, 10.1.0.0 kwa upande wa Swima, 10.2.0.0 kwa ofisi za Baraka, na 10.3.0.0 kwa Ubwari.

Kwenye swichi ya Baraka fundi ataandika:

router ospf 1
router-id 10.0.0.2
network 10.0.0.0 0.0.0.255 area 0
network 10.2.0.0 0.0.255.255 area 2
network 10.3.0.0 0.0.255.255 area 3

Mstari wa kwanza unaanzisha kazi ya OSPF. Namba 1 hapo ni jina la kazi hiyo ndani ya swichi hii tu. Swichi nyingine inaweza kutumia 7 au 100, na hakuna kitakachoharibika. Mstari wa pili unaipa swichi kitambulisho chake, ambacho hakiruhusiwi kufanana na cha ruta nyingine. Mistari mitatu ya mwisho ndiyo inayogawa. Kila mmoja unasema: kiolesura chochote ambacho anwani yake inaangukia humu, kiwekwe katika eneo hili. Namba kama 0.0.255.255 ni kinyago cha kinyume: penye 0 anwani lazima ilingane, penye 255 chochote kinakubaliwa.

Sasa tuulize: kwa nini “eneo”? Kulikuwa na maneno mengine. “Jimbo” linasikika vizuri, lakini kwetu Kongo jimbo ni Kivu Kusini au Tanganyika, lenye gavana na mipaka ya kisheria, na Tanzania ni mahali pa kumchagulia mbunge. “Zoni” limekwisha kuchukuliwa na mfumo wa afya: katika teritori ya Fizi tuna zoni ya afya ya Fizi na ya Nundu, miongoni mwa nyingine. “Kanda” linamaanisha pia ukanda wa kufungia na kanda za muziki. Isitoshe, maneno haya yote yanachora mstari juu ya ardhi, na eneo la OSPF si ardhi. Swichi mbili zilizo katika chumba kimoja zinaweza kuwa katika maeneo mawili. Swichi mbili zilizo kilomita nyingi mbalimbali zinaweza kuwa katika eneo moja.

“Eneo” lina kitu ambacho hayo mengine hayana. Wanaisimu wenzangu wataona mara moja kwamba ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi: nena hutoa neno, tenda hutoa tendo, soma hutoa somo, na enea hutoa eneo. Zote ni nomino za ngeli ya LI-YA zilizoundwa kwa kiambishi tamati -o. Kwa umbo lake, basi, eneo ni kule ambako jambo limeenea. Na hiyo ndiyo fasili ya eneo katika OSPF, bila kuongeza wala kupunguza: eneo ni upeo ambao tangazo la hali ya kiungo linaenea. Tangazo la ruta ya shule moja karibu na Swima litaenea katika eneo 1 lote, na likifika mwisho wa eneo 1 litasimama. Ruta zote za eneo moja zina ramani moja. Za eneo jingine zina ramani yao.

Fundi anayejua hili hahitaji kukariri. Akiulizwa, “Kiungo kikikatika eneo 1, nani atarudia hesabu yote ya ramani?” atajibu kutokana na neno lenyewe: wale ambao habari imewaenea. Neno la Kifaransa ambalo yaya wangu alifundishwa, aire, ndilo linalotumika pia katika afya, ambapo zoni imegawanywa katika maeneo ya afya. Alilijua vizuri, lakini halikumwonyesha kitendo chochote. Kiswahili kilikuwa nacho tayari, ndani ya mnyambuliko.

Mpaka unaopita ndani ya kifaa

Neno zuri pia linaweza kupotosha, na mwalimu anapaswa kulionya darasa mapema. Tukisema eneo, msikilizaji hufikiria mpaka ulio kati ya kitu na kitu, kama mto kati ya vijiji viwili. Katika OSPF mpaka haupiti juu ya kiungo. Kiungo chote, ncha zake zote mbili, kimo katika eneo moja. Mpaka hupita ndani ya ruta. Swichi yetu ya Baraka ina kiolesura kimoja katika eneo 0, kingine katika eneo 2, kingine katika eneo 3. Ni kama nyumba ya Swima yenye mlango mmoja unaotazama barabara na mwingine unaotazama ufuo: wenyewe wanasikia habari za pande zote mbili, wakati wa barabarani hawasikii ya ufuoni ila kwa kuambiwa na wenye nyumba.

Swichi hiyo ninaiita ruta ya mpakani. Inatunza ramani moja kwa kila eneo lililomo ndani yake. Haipeleki ramani ya eneo moja kwenda jingine. Hupeleka muhtasari tu: mtandao fulani unafikika kupitia kwangu, kwa gharama hii. Fundi anaweza kuufupisha zaidi. Kwenye swichi ya Swima ataandika:

area 1 range 10.1.0.0 255.255.0.0

Sasa shule zote na vituo vyote vya upande wa Swima vinatangazwa nje kama mtandao mmoja. Swichi ya kituo kimoja ikizimika kwa sababu ya jenereta, muhtasari haubadiliki maadamu kuna sehemu nyingine ya 10.1.0.0 iliyo hai, na Baraka haisumbuliwi. Angalia pia mtego: hapa kinyago ni cha kawaida, 255.255.0.0, wakati kwenye mstari wa kugawa kilikuwa cha kinyume. Makosa mengi ya wanaoanza hutokea hapo.

Shina, mkongo na uti wa mgongo

Tumefika kwenye neno lililoniaibisha. Eneo 0 si eneo kama mengine. Kila eneo jingine lazima liguse eneo 0, na habari kutoka eneo 1 kwenda eneo 2 lazima ipite eneo 0, hata kama kuna kebo ya moja kwa moja kati yao. Sababu yake ni kuzuia mzunguko: kati ya eneo na eneo ruta hazioni ramani, zinapokea muhtasari tu, na anayepokea muhtasari asiojua ulikotoka anaweza kuurudisha kwa mwenyewe kama habari mpya. Kwa kulazimisha habari zote zipite mahali pamoja, OSPF inaifungia hatari hiyo mlango. Kwa hiyo pia eneo 0 lenyewe halipaswi kukatika vipande viwili.

Kiingereza kinaliita kwa jina la mfupa. “Uti wa mgongo” tunao, na hotuba nyingi zimetwambia kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi. Tatizo ni hilohilo. Katika Kiswahili cha hotuba uti wa mgongo ni kitu muhimu sana. Lakini eneo 0 halina sifa ya umuhimu tu. Mtandao wenye kompyuta zote muhimu unaweza kuwa eneo 2. Sifa yake ni kuwa mahali ambapo matawi yote hushikana. Fundi aliyeambiwa “uti wa mgongo” ataweka humo seva zake za thamani, naye atakuwa amelielewa Kiswahili sawasawa na kuikosea OSPF.

Tanzania ina neno jingine lenye mafanikio makubwa: mkongo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ni jina la mtandao wa nchi wa nyaya za mwanga, na linafahamika hata kwa asiyejua kompyuta. Kisarufi halina kasoro, ni la ngeli ya U-I: mkongo umekatika, mikongo imekatika. Lakini lipeleke Baraka. Huko Mkongo ni mimi, na Wakongo ni sisi. “Mkongo umekatika” itaeleweka kwa msaada wa kiambishi u-. “Tatizo la mkongo” haina kiambishi cha kuiokoa, nayo itasikika kama lawama. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Katiba yake ya mwaka 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Istilahi inayotarajiwa kuvuka ziwa inapaswa kupimwa kwenye fuo zote mbili.

Ninapendekeza “eneo shina”. Shina hubeba matawi. Tawi halishikani na tawi ila kupitia shina. Shina likikatwa, kilicho juu hukauka. Tabia zote tatu za eneo 0 zimo. Kwa wanafunzi wa kitivo hiki kuna faida ya ziada, kwa sababu shina la neno ni lile ambalo viambishi hupachikwa. Tukilipima kwa vigezo vya Kiingi, ambavyo tulifundishwa kwa kifupisho cha PEGITOSCA, linapata alama nzuri kwa uangavu, iktisadi na uzalishi. Kwa usahihi kuna mashaka mawili. Katika siasa za Tanzania shina ni ngazi ya chini kabisa ya chama, si ya kati. Na mafundi wa swichi wana aina ya kiungo kinachobeba mitandao mingi pamoja, ambacho jina lake la Kiingereza nalo latokana na shina la mti. Hili la pili halinitishi, kwa kuwa mafundi wamekwisha kulitohoa na kusema tranki. Neno shina limebaki huru.

Jirani na masharti ya ujirani

Neno “jirani” halina mpinzani. Kila mtu analijua, na amri ya kuwatazama ni hii:

show ip ospf neighbor

Lakini katika Kiswahili ujirani hutokana na mahali. Ukijenga kando yangu, tumekuwa majirani, tupende tusipende. Katika OSPF kebo moja haitoshi kufanya ujirani. Kwenye mtandao wa kawaida wa Ethernet, kila ruta hutuma salamu kila sekunde 10, na isiposikia salamu ya mwenzake kwa sekunde 40 humhesabu amekufa. Ndani ya salamu hiyo kuna masharti. Pande zote mbili lazima zilingane katika namba ya eneo, mtandao mdogo na kinyago chake, muda wa salamu na muda wa kuhesabu kifo, aina ya eneo, na nenosiri kama limewekwa. Sharti moja likipungua, salamu hutupwa. Taa za kebo zitabaki kijani, na majirani hawatakuwapo.

Hilo ndilo lililotupata Baraka. Kwenye swichi ya kwanza yaya wangu alikuwa ameandika kazi namba 1 na kukiweka kiungo katika eneo 0. Alipofika kwenye ya pili aliona namba 1 ya mstari wa kwanza, akadhani namba ya kazi na namba ya eneo ni lazima zifanane, akakiweka kiungo kilekile katika eneo 1. Kebo moja, ncha mbili, maeneo mawili. Nasi tumekwisha kuona kwamba mpaka haupiti juu ya kiungo. Ujumbe ulikuwa unasema kweli: salamu imetoka eneo shina, na upande huu haujioni kuwa shina. Kama ningemtafsiria hivyo, angejua aguse wapi. Ilituchukua saa mbili.

Kwa hiyo ninashauri neno lenyewe libaki, ila mwalimu aseme “kufunga ujirani”, kama tunavyosema kufunga ndoa au kufunga mkataba. Kitenzi kinabeba sharti ambalo nomino haina. Baada ya kufungwa, orodha itaonyesha hali ya FULL, yaani ramani zimekamilika pande zote mbili. Kwenye mtandao wenye ruta nyingi pamoja, baadhi ya jozi zitabaki 2WAY. Huo si ugonjwa, ni kwa sababu huchaguliwa ruta msemaji na msaidizi wake, na wengine hukamilisha ramani na hao wawili tu.

Ncha, si kisiki

Imebaki Ubwari. Anayekwenda kwenye ncha ya rasi kwa nchi kavu atarudi kwa njia aliyoendea, kwa kuwa mbele ni ziwa. Swichi ya Ubwari ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Baraka. Haina haja ya orodha ndefu ya njia za nje. Inatosha ijue jambo moja: kisicho hapa, kipeleke Baraka. OSPF ina aina ya eneo kwa hali hiyo. Kwenye Baraka tunaandika:

area 3 stub no-summary

Na kwenye Ubwari:

area 3 stub

Neno la amri kwa Kiingereza ni kipande kilichobaki baada ya kitu kukatwa, na kamusi itatupa “kisiki”. Tukilikubali tutakuwa na shina upande mmoja na kisiki upande wa pili, na kila mkulima anajua kwamba kisiki ni mabaki ya shina. Mwanafunzi atadhani eneo 3 ni eneo 0 lililoharibika. Ninapendekeza “eneo ncha”. Ncha haina ng'ambo, na hakuna anayepita nchani kwenda kwingine. Hiyo ndiyo kanuni: matangazo ya njia za nje ya OSPF hayaingizwi katika eneo ncha, na badala yake ruta ya mpakani hutoa njia moja ya chaguo-msingi. Maneno mawili ya mwisho kwenye amri ya Baraka yanazuia hata muhtasari wa maeneo mengine. Yanatosha kwenye ruta ya mpakani peke yake. Neno la kutangaza ncha, hata hivyo, lazima liandikwe kwenye kila ruta ya eneo hilo, la sivyo aina ya eneo haitalingana na ujirani hautafungwa.

Kutoka katika ncha msomaji anaweza kukisia kanuni nyingine kabla ya kuambiwa. Eneo jipya likifunguliwa mlimani, mahali pasipogusa shina, fundi anaweza kuliunganisha kwa kiungo pepe kinachopita katikati ya eneo jingine. Je, kiungo hicho chaweza kupita eneo ncha? Hakiwezi. Nchani hapapitwi.

Baada ya yote, kwenye swichi ya Ubwari tunahakikisha:

show ip route ospf

Tukiona mstari mmoja wa 0.0.0.0 wenye alama O*IA, kazi imekamilika. Ubwari inajua yake, na kwa mengine yote inaiamini Baraka.

Lugha ya skrini na lugha ya maelezo

Msomaji atakuwa ameona kwamba sikutafsiri amri hata moja. Mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitoka kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake, na menyu za kuandikia barua na majedwali zikasomeka kwa Kiswahili. Hapo lugha ilibadilishwa kwenye skrini yenyewe. Swichi ni jambo jingine. Amri zake ni alama ambazo mashine inazitambua kwa herufi zake. Ukiandika “eneo” mahali pa “area” itakujibu kwa kosa. Nafasi ya Kiswahili haiko kwenye skrini ya swichi, iko katika kichwa cha anayeitazama, katika yale maelezo anayojipa kabla ya kubonyeza kitufe.

Nafasi hiyo si ndogo. Kwetu fundi huzungumza Kibembe nyumbani na Kiswahili sokoni, husoma shule kwa Kifaransa, na kifaa hujibu kwa Kiingereza. Maelezo yakikosekana katika lugha anayofikiria nayo, atakariri: andika hivi, kisha hivi. Mkariri hufanya kazi vizuri mpaka siku ujumbe wa kosa utokee, na siku hiyo ofisi hukaa bila mawasiliano mpaka atafutwe mtu kutoka mbali.

Hitimisho

Mapendekezo yangu ni manne: eneo libaki, na lifundishwe pamoja na kitenzi chake, kuenea, eneo 0 liitwe eneo shina, eneo lenye njia moja ya kutokea liitwe eneo ncha, na ujirani usemwe kuwa hufungwa. Sijayaleta kwa kuwa ni mazuri masikioni. Nimeyaleta kwa kuwa kila moja linamwonyesha fundi kitu ambacho kifaa kitafanya.

Nilirudi kwa yaya wangu nikiwa na maneno haya na karatasi yenye Swima, Baraka na Ubwari. Sikumweleza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye kuenea alininyang'anya kalamu, akachora duara kuzunguka Swima, akauliza: “Kwa hiyo jenereta ya huku ikizimika, kelele zake zinaishia kwenye swichi hii?” Nikamwambia zinaishia hapo, akiweka muhtasari. “Basi lile jengo la pili ningelipa eneo lake,” akasema, “na kebo ya katikati ningeiacha kwenye shina.”

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Ningependa wenzangu wa kitivo wawape mafundi wengine maneno haya, wa Kongo na wa ng'ambo ya ziwa, na waandike yale watakayoulizwa. Neno litakalomfanya fundi aulize tena “wa nani?” litupwe, hata kama ni langu.